Chumba cha Grasiana

Kwedimboza, Handeni
14 Novemba 1976

Kwa mke wangu mdogo Hajira, Masuguru, Korogwe.

Salamu nyingi kama mahindi ya mwaka wa mvua, siyo ya mwaka huu. Sisi huku wazima, wasiwasi ni kwako wewe uliyepotea tangu Idi. Mke mwenzio, bibi yako Chausiku, hajambo, goti tu linamsumbua. Anasema umekonda. Nikamwambia umemwona wapi? Akasema wote wanaokaa Korogwe wamekonda. Yule mbuzi mweusi kazaa mapacha. Dada yako Mwaija tunaye hapa kwangu, mumewe Salimu kaenda kutafuta kibarua kwenye mkonge, akirudi na kitu nitamwita mkwe, akirudi mikono mitupu nitamwita mgeni.

Mwandiko huu usiulize wa nani. Ni mkono wangu mimi Mbaruku! Ngumbaro nimeimaliza. Mwalimu alisema herufi zangu zinatembea kama kuku aliyelewa. Nikamjibu, lakini si anafika nyumbani? Wazee wenzangu mpaka leo wanaandika majina yao tu. Mimi naandika mpaka uongo.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Juzi ilikuja Landrova na kijana mmoja anaitwa Yordani, kavaa suruali pana chini, ukimtazama unadhani kavaa magauni mawili. Kaitisha mkutano pale mbele ya zahanati. Kumbuka mimi ndiye balozi wa nyumba kumi, basi nimekaa mbele. Yule kijana kafungua makaratasi, kasema: "Wazee, nataka kila balozi aniambie, katika nyumba zake wanawake wenye mimba ni wangapi."

Weee! Mbele ya watu! Mbele ya wakwe! Nikatazama nyuma, wanawake wote wameshajifunika kanga mpaka puani, wengine wamekumbuka kuni. Na Mama Grasiana mkunga, ambaye angeweza kumfundisha adabu huyo mgeni, siku hiyo alikuwa Chanika kuchukua dawa. Nani kwetu anahesabiwa tumbo kama mbuzi mnadani? Hata mume mwenyewe akiulizwa anasema mke wangu hajisikii vizuri, basi, watu wanaelewa.

Mabalozi wenzangu wameinamisha vichwa. Nikasimama mimi. Nikasema: "Bwana, hapa Kwedimboza wanawake wote wazima. Hakuna."

Akamnyooshea kidole mmoja aliyekaa na tumbo kama pipa. "Na yule je?"

"Yule? Yule ni ugali wa yanga, bwana. Unga ule wa njaa wa Mmarekani ukikaa tumboni haushuki. Kavimbiwa tangu mwaka sabini na nne."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti kaangusha fimbo. Kijana kaandika, kafunga makaratasi, kaondoka. Mabalozi wote wakasema kama mimi: hakuna, hakuna, hakuna. Jioni wanawake wameniletea kuku wa kupika, nikala mimi na bibi yako. Ati ni mambo ya mipango. Mipango na tumbo la mtu wapi na wapi?

Mwaija naye alikuwepo pale, kajifunika. Sisemi zaidi.

Mumeo wa zamani,
Mbaruku


Masuguru, Korogwe
2 Desemba 1976

Shikamoo babu, mume wangu usiye na meno.

Sisi hatujambo. Watoto wanakusalimu, mkubwa kaota jino la mbele, nikamwambia amkopeshe babu. Joto la huku siyo la kusema. Kazi yangu ya kufua mashuka hapa hospitali naendelea nayo, mikono imekuwa kama ya mwanamke wa mkonge. Mwambie bibi goti alikande kwa maji ya moto, asikae kwenye ubaridi.

Barua yako nilimsomea jirani, tumecheka. Halafu Jumapili kaja Mama Grasiana mwenyewe. Alikuwa amekuja kumwona mama yake kule kambi ya mkonge, akapitia kwangu kunisalimu. Nikataka kumchekesha na habari ya yanga. Babu, hakucheka. Alikaa chini.

Kasema ile hesabu ndiyo itakayogawa fungu. Vile vyumba vya wazazi vya vijijini vimekuwa vingi, hela kidogo, basi panapoonekana wenye mimba wengi ndipo panapopewa mkunga na dawa na mafuta ya taa. Pasipo na wenye mimba panafungwa. Nikamwambia lakini wewe si unazalisha pale kila wiki? Kasema wamehesabu matumbo, siyo watoto waliokwisha zaliwa, na wanawake wa kwetu hawamfuati mpaka uchungu uwashike, maana wanaficha.

Babu nakuomba, panda gari nenda Chanika kawaambie. Sema ulikuwa unatania. Wewe mdomo unao.

Na hilo la "sisemi zaidi" nimelisoma mara nyingi. Ni kweli? Kama ni kweli, babu, unakumbuka uzazi wa kwanza wa Mwaija. Damu ile. Mama Grasiana alimchoma sindano huku amepiga magoti juu ya kitanda, mtoto tulimzika lakini dada tukabaki naye. Bila kile chumba tusingekuwa naye. Nijibu hilo kabla ya mengine.

Mjukuu wako na mkeo,
Hajira


Kwedimboza
20 Januari 1977

Mke wangu mdogo,

Salamu. Barua yako ilichelewa, ilikaa duka la Mwarabu pale Chanika, watu wakiweka vikombe juu yake, ina duara la chai. Sisi wazima. Mapacha wa mbuzi mmoja kaliwa na fisi. Fisi huyo ningekuwa na umri wa zamani angenijua. Mwaka ule wa nzige nilimfukuza simba kwa kofia tu, ukimwuliza bibi yako atakataa kwa wivu.

Habari ya huku ni kwamba Landrova ilirudi. Safari hii haikuuliza mtu. Wamepakia kitanda cha chumba cha wazazi, kimekwenda miguu juu kama mbuzi wa sherehe. Wamepakia taa, ile mizani ya watoto, sanduku la sindano. Halafu wakampakia Mama Grasiana. Kapangiwa kijiji kingine, huko wenye mimba wamepatikana. Alitupungia mkono. Mimi nilimtania, nikasema Grasiana unatuacha wajane. Hakunijibu, sijui hakunisikia, gari ile ina kelele.

Zahanati imebaki na mtu wa kutoa aspirini na kufunga vidonda. Wanasema fungu limekwenda kwenye mahitaji.

Bibi yako anasema utume vitambaa vyeupe vya zamani kutoka hapo hospitali, vile wanavyotupa, uvichemshe kwanza. Usimwulize vya nini.

Usihangaike. Mimi nipo.

Mbaruku


Masuguru
9 Februari 1977

Shikamoo babu.

Vitambaa nimevituma kwa dereva wa lori la mahindi, vimo kwenye kikapu chenye kamba nyekundu. Watoto hawajambo. Huku kila mtu anaongelea chama kipya, TANU imekuwa CCM, watu wamecheza ngoma mpaka stendi.

Babu, hujanijibu. Nimekuuliza kuhusu Chanika, umeniandikia fisi. Nimekuuliza kuhusu Mwaija, umeniandikia vitambaa. Basi vitambaa ndivyo vimenijibu. Kama nimehesabu sawa ni Mei, yaani katikati ya masika.

Mlete huku. Sasa, barabara bado kavu. Mpandishe gari Chanika, ateremke Segera, nitamsubiri pale kwenye njia panda na mkate mkononi. Atalala kitandani kwangu, mimi na watoto tutalala chini. Hospitali ni kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa jirani wa tatu. Sitaki kusikia kwamba yupo mzima. Hata ile mara ya kwanza alikuwa mzima mpaka saa ile.

Hajira


Kwedimboza
13 Machi 1977

Mke wangu mdogo mwenye hasira,

Salamu kutoka kwa wote. Bibi yako kapokea kikapu, kamba nyekundu kaifunga kiunoni, anaringa. Mvua imeanza kuonja.

Ulisema niende Chanika. Nimekwenda. Nimevaa kanzu ile ya harusi ya baba yako. Nimekaa benchi mpaka nikajua majina ya inzi wote. Mwishoni bwana mmoja kaniita, mpole, kanipa kiti.

Nikamwambia, bwana, Kwedimboza kuna wenye mimba.

Akatoa makaratasi. "Mzee, hapa imeandikwa hakuna. Nani alisema hakuna?"

Nikasema, "Watu walisema."

"Sasa wapo wangapi?"

Hajira, hapo ulimi ulinikatikia. Mimi ninayeongea mpaka mahindi yanaiva! Nilimtazama yule bwana, kuna karani wake wa kike pale, nikashindwa kutaja. Nikasema, "Wapo wengi kiasi." Akasema kiasi haiandikiki. Halafu akanieleza kwa upole: fungu la mwaka limeshagawiwa, limekwisha, hata yeye mwenyewe hana pa kulitoa. Mwaka wa serikali unaanza Julai. Tulete hesabu ya kweli, Julai watatazama.

Nikamwambia, bwana, kuna matumbo hayaijui Julai. Akaniitia chai.

Nikarudi, nikakusanya nyumba zangu kumi chini ya ukuta wa ghala. Nikasema mama zangu, jamani, semeni tuwaandike. Kudra, mke wa yule fundi wa majembe, kasema:

"Babu, sisi tuliambiwa ni yanga."

Hakuna aliyecheka. Nikasema ule ulikuwa utani. Kudra kasema: "Haya. Lakini wewe una mjukuu Korogwe. Tunasikia Mwaija anapelekwa. Sisi utatupeleka kwa nani?"

Wote wamenitazama, Hajira. Mimi ndiye balozi. Mimi ndiye niliyesimama siku ile. Nikasema, "Mwaija haendi popote. Atabaki na wenzake mpaka mkunga arudi." Nikaapa kwa msahafu, mbele ya watu.

Kwa hiyo usisubiri njia panda. Mkate ule wape watoto.

Mbaruku


Masuguru
2 Aprili 1977

Babu shikamoo.

Leo sina habari za watoto.

Bibi kanitumia maneno kwa mama mmoja aliyekuja kuuza ufuta. Kasema miguu ya Mwaija imevimba mpaka viatu haviingii, na asubuhi anaona vimulimuli machoni. Hayo wewe hukuandika. Umeandika kanzu, umeandika inzi.

Nimemwuliza mama mmoja muuguzi hapa, bila kusema ni nani. Kaacha alichokuwa anafanya, kaniambia mtu huyo asikae mbali na daktari hata kidogo.

Kiapo umeapa wewe, tumbo la Mwaija. Nimeomba ruhusa kazini, wamenikatalia mwezi huu, mwezi ujao wamekubali. Nakuja kumchukua mwenyewe. Wamwage lawama zote juu yangu, mimi siishi hapo. Sema Hajira kakosa adabu, kamwiba dada yake. Sema ulinikataza nikakutukana. Nitaimba hivyo kijiji kizima ukitaka.

Lakini ukiweza kumtoa kabla sijafika, mtoe.

Hajira


Chanika
7 Mei 1977

Babu,

Naandika nimesimama. Nimefika Chanika jana, mvua toka Segera mpaka hapa. Magari ya kuja kwenu hakuna hata moja, wanasema daraja la chini limeondoka na maji, na trekta lililojaribu limelala ndani ya mto. Nilitaka kuja kwa miguu, wanaume hapa wamenizuia, jana kuna mtu kachukuliwa na maji.

Barua hii nampa mtu wa huko kwenu anayesema anajua pa kuvuka. Akifika, msingoje kitu. Mfungeni kwenye kitanda cha kamba, mumbebe mpaka mtoni, watu wa ng'ambo hii wako tayari na kamba. Mimi niko hapa nyumbani kwa Mama Paulina karibu na hospitali. Siondoki. Nguo zake nimeshazinunua, na za mtoto.

Mwambie nipo. Mwambie niko upande huu.

Hajira


Masuguru
27 Mei 1977

Babu,

Nimerudi Korogwe. Habari nilizipata kwa wale watu wa kamba.

Nguo nimezigawa.

Sikuulizi kitu. Mpe pole bibi.

Hajira


Kwedimboza
12 Juni 1977

Kwa mjukuu wangu Hajira,

Assalamu alaikum. Bibi yako yupo, hatoki nje. Pole zako nimempa. Salimu karudi, analala kwenye kaburi, tunamtoa, anarudi.

Hukuniuliza. Nakuandikia hivyo hivyo, maana walikuwepo watu wengi na kila mmoja atakuambia lake.

Barua yako ya Chanika ilinifikia mkononi mchana, imelowa, nikaisoma. Nikaikunja nikaiweka ndani ya kofia. Kumtoa Mwaija ilikuwa lazima kupita mlangoni kwa Kudra. Nikasema nitapita kesho, nipate kwanza la kusema. Nilikuwa natafuta maneno, Hajira. Mimi natafuta maneno.

Kesho yake alfajiri alianguka pale jikoni, akatetemeka mwili mzima, meno yakakaza. Bibi yako alimwekea mwiko mdomoni. Alipozinduka uchungu ulikuwa umeanza na damu pia. Hapo sikutafuta tena kitu. Nikapiga yowe. Wa kwanza kushika kitanda alikuwa mume wa Kudra. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kiapo. Wanaume walipokezana, wanawake wakawa wanakimbia pembeni wamemshikia mwavuli, Kudra naye na tumbo lake, nikamfukuza arudi nyumbani, akakataa.

Njiani alikuwa akisema. Alisema, "Babu, ukinidondosha sikupikii tena." Nikamwambia kwani ulikuwa unapika? Akacheka kidogo. Tulifika mtoni tukaona wale watu ng'ambo, wakaturushia kamba. Maji yalitufika kifuani. Kitanda tulikibeba juu ya vichwa. Tulipokishusha ng'ambo alikuwa ameshakwenda, na mtoto ndani yake. Ulikuwa karibu sana. Wangekuita ungesikia. Mimi ndiye niliyesema tumrudishe, tukavuka naye tena, azikwe ubavuni pa kaburi la mama yake. Ukitaka kunilaumu kwa hilo la kutokuita, hilo ni langu pia.

Sasa soma hili.

Baada ya khitma nilikaa barazani, sina kazi. Wakaja wanawake, wote, mchana, wanaume wakiwa wanatazama. Kudra akasema, "Babu, chukua kalamu." Akasema jina lake na mwezi wake, kwa sauti, mbele ya baba mkwe wake. Mzee yule akainuka akaondoka, yeye hakunyamaza. Akafuata mwingine. Akafuata mwingine. Nimeandika wote, mkono wangu huu. Yule Mwalimu wa ngumbaro alikuwa ananitazama, hakusema kitu juu ya mwandiko.

Orodha hiyo nimeipeleka Chanika. Yule bwana mpole kaisoma akiwa amesimama. Kasema fungu jipya wataliomba Julai, na likipitishwa ndipo litatumwa, na likitumwa ndipo atapangwa mkunga, labda Grasiana, labda mwingine, na kitanda kitatafutwa. Nikamwuliza, na wa Juni? Akasema, mzee, wa Juni sina. Nilimwona macho yake, si mtu mbaya. Hana.

Wa Juni ni Kudra. Miguu imeanza kuvimba, kama ile. Wa Julai na Agosti wapo, wana majina, nitawaleta kadiri barabara itakavyoruhusu, na kwa wengine nitamwomba Mama Paulina wa Chanika. Salimu ametoa ujira wake wote uwe nauli. Najua una chumba kimoja. Najua na mashuka unayofua. Najua hata kwamba huenda hutaki kuona mwandiko huu.

Aliyekukabidhi barua hii ndiye Kudra. Hana ndugu Korogwe, amekuja na kanga mbili tu. Ukimwuliza atasema hajambo, usimsikilize. Mkalishe, mpe maji, halafu mpeleke kwa daktari leo hii, kabla hujakaa kufikiri kama utanijibu.

Babu yako,
Mbaruku